Jeton ya Tata Mukendi

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta, mliniomba niandike maneno ya kusoma siku ya kufungua mashindano yenu ya michezo ya video. Mlisema yawe mafupi, yachekeshe watu, na yasimchoshe mgeni wa heshima, patron Donat, tajiri aliyewanunulia kompyuta. Mafupi hayatakuwa. Kuchekesha nitajaribu. Kuhusu mgeni wa heshima, tutafika tu.

Ninyi mnaniita Kambo, na ni haki yenu, maana bibi yenu ndiye mimi. Lakini miaka yangu yote ya kazi hapa Kolwezi niliitwa Mama Jeton. Nilikuwa nauza jeton kwenye ukumbi wa michezo wa serkle, ile klabu ya wafanyakazi wa mgodi. Jeton ni kipande cha chuma cha mviringo. Unakidumbukiza kwenye mashine kubwa kama kabati, kioo kinawaka, unapewa roho tatu za kuchezea. Zikiisha, unarudi kwangu kununua nyingine. Baadaye nikawa pia fundi wa mashine hizo, na waliosema mwanamke ataungua vidole waliishia kupanga foleni mbele yangu wakiniomba niharakishe.

Tuanze na mchezo wenu, kwa sababu mlitaka maoni yangu na mimi maoni ninayo. Nimeucheza kwenye telefone ya mmoja wenu. Mchimbaji anashuka shimoni kwenye mgodi wa Mutoshi, anajaza mfuko, anapanda. Mfuko ukijaa, anakuwa mzito na hatua zake zinapungua. Hapo nimewapigia makofi, kwa sababu mtu anajiuliza mwenyewe: nichukue zaidi au nipande sasa? Hilo ni gumu zuri. Halafu nikiwa katikati ya ngazi, jiwe likaniangukia. Nikaanza upya, jiwe likaniangukia kwingine. Nikaanza tena, tena jiwe. Grâce, ambaye ndiye aliyeubuni mchezo, alikuwa anacheka nyuma yangu.

"Kambo, iko difficile. Njo design yake." Eti ni mgumu, ndivyo alivyoubuni.

Nilikasirika, mnakumbuka. Nilirudisha telefone mezani kwa nguvu mpaka mwenye telefone akaruka. Gumu ni kitu kimoja na hila ni kitu kingine. Gumu linakuonyesha mlango na kukuambia mlango ni mwembamba. Hila inakufungia mlango halafu inakucheka kwamba hukupita.

Grâce hakunyamaza, na mimi napenda msichana asiyenyamaza. Alinijibu, "Lakini Kambo, mu kweli majiwe haipigake hodi."

Nikamwambia yanapiga. Muulize mchimbaji yeyote aliyerudi nyumbani salama. Vumbi jembamba hutangulia kudondoka, mbao hulia, mlio wa sururu hubadilika. Wengi waliofukiwa walisikia hodi hiyo wakaambiwa na aliye juu waendelee kuchimba. Basi mkitaka kuweka ukweli kwenye mchezo wenu, wekeni vumbi. Na yule wa juu anayepiga kelele, mwekeni pia.

Niliyoyasema pale si ya kwangu mwenyewe. Nilifundishwa na Tata Mukendi.

Tata Mukendi, yaani Baba Mukendi, alikuwa fundi umeme kiwandani asubuhi, na alasiri alitunza mashine za serkle. Mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kulala chini ya mashine. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi mgodini kabla mimi sijazaliwa. Mukendi mwenyewe alizaliwa hapa Kolwezi, kwenye nyumba za kampuni, akasoma hapa, akaoa hapa, na Kasai alikuwa hajawahi kuiona. Mimi nililetwa na treni kutoka Lubudi nikiwa bibi harusi. Kati yetu wawili, mgeni wa mji huu nilikuwa mimi.

Alinianzisha kwa kuniita nishike taa. Nikashika taa. Siku nyingine akaniambia nishike bisibisi, halafu nishike na waya, na siku moja nikagundua taa anaishika yeye. Hakunitangazia kwamba sasa ninafundishwa. Nilipomwuliza kwa nini hakumchukua mwanaume, akasema wanaume wanakuja kuangalia mashine wakitamani kucheza, na mimi naiangalia nikitamani kujua kwa nini imenuna.

Tulikuwa tunasafisha vidude vya ndani ya vitufe kwa spiriti. Spiriti ilipoanza kukosekana mjini, Tata Mukendi akaniambia nilete lutuku, ile pombe kali inayopikwa majumbani. Inasafisha vizuri kuliko spiriti, nawaapia. Lakini ukumbi mzima ulinuka, na wanaume wakirudi nyumbani mikono inanuka pombe, midomo hainuki. Wake zao hawakuamini. Mama mmoja alikuja mpaka serkle na mwiko mkononi, akataka kunusa mashine mwenyewe. Alinusa, akaondoka bila kuaga. Mume wake alitulipia fanta.

Ndani ya kila mashine, kwenye ule ubao wa umeme unaobeba mchezo, kuna mstari wa swichi ndogo ndogo unazozisukuma kwa ncha ya bisibisi. Hizo ndizo zinazoamua adui akimbie kiasi gani, na mchezaji apewe roho ngapi. Wachezaji walidhani ugumu umetoka mbinguni. Mimi nilijua umetoka kwenye bisibisi ya mtu. Shika hilo, Grâce: kila ugumu una mtu aliyeusukuma pale ulipo, na mtu huyo anaweza kuulizwa.

Mkubwa wa serkle alitaka swichi zote ziwekwe kwenye kali kabisa, watu wafe haraka, jeton zizunguke. Tata Mukendi akakataa. Mimi nikadhani anapenda urahisi, kwa hiyo siku watoto walipopata matokeo ya shule nikawafurahisha, nikasukuma swichi zote kwenye laini. Kila mtu akashinda. Walipiga kelele za furaha, halafu kelele zikapungua, halafu nikajikuta nimebaki peke yangu na mashine zinaimba. Wote walikuwa wamekwenda kucheza mpira. Tata Mukendi alipoingia na kuona ukumbi mtupu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Jeton, umebapatia bushindi bwa bule. Sasa bataufanya nini?"

Ninyi wa leo mnaoweka mishale ya kumwonyesha mchezaji kila hatua, na makofi kwa kila anachogusa, nendeni mkaangalie uwanja wa mpira. Wachezaji wenu wako kule.

Sasa nifike kwenye sheria ya ukumbi wetu, ambayo sijaikuta mahali pengine. Roho zako zikiisha, kabla sijakuuzia jeton nyingine, Tata Mukendi au mimi tunakuambia mbele ya wote: "Sema kintu yenye ilikuua." Lazima useme. Niliruka mapema. Nilikuwa naangalia kushoto adui akatokea kulia. Nilikuwa na tamaa. Ukiweza kusema, umekufa kihalali, nunua jeton. Usipoweza kusema, na wenzako walioangalia nao wasiweze, basi kosa ni la mashine. Unarudishiwa jeton bure na mashine inafunguliwa.

Donat alikuwa kijana wa mtaa wetu, mkono mwepesi, kichwa chepesi zaidi. Huyo huyo patron wenu. Kila akifa analalamika.

"Baloji njo baliniua," alisema siku moja. Wachawi.

Tata Mukendi hakushtuka. "Balikuwa ba langi gani?"

"Ya rouge." Nyekundu.

"Balitokea wapi?"

"Juu. Ku kona ya kushoto."

"Na mara ya kwanza?"

Donat akakuna kichwa. "Pale pale."

"Basi unabajua muzuri. Nunua jeton."

Ukumbi ulicheka wiki nzima. Donat akaacha wachawi, akaanza kuangalia kona ya kushoto, na akawa mchezaji bora kuliko wote tuliopata kuwa nao. Akifa, alikuwa anasema mwenyewe kabla hajaulizwa, tena kwa majivuno, kama anasoma somo kanisani. Tata Mukendi alimpenda. Hilo nalisema wazi, kwa sababu linaniuma mpaka leo.

Alikuja pia baba mmoja kutoka Kasaji, si Kasai, aliyeleta mihogo mjini kwa baiskeli. Alicheza akafa hapo hapo. Akasema alivuta maneti, ule mpini wa kuelekezea, upande wa kushoto na mashine haikumsikia. Vijana wakamcheka ushamba wake, na Donat alicheka kuliko wote. Tata Mukendi akafungua kabati bila neno. Kibati cha ndani kinachopokea upande wa kushoto kilikuwa kimevunjika. Akasimama mbele ya ukumbi mzima, akamrudishia yule baba jeton yake kwa mikono miwili, akamwambia, "Tata, kosa haikuwa ya weye." Kicheko kikakatika. Yule baba alicheza tena na kwa kweli alikuwa mbovu sana, lakini alikufa kihalali.

Halafu kazi zikaanza kufa. Mgodi mkubwa uliporomoka, mishahara ikapotea, umeme ukaja na kuondoka, na mashine zikawa zinazimika katikati ya mchezo. Wakati wa namna hiyo watu hutafuta wa kumlaumu, na kuna waliosimama majukwaani kuwaonyesha. Wakasema kosa ni la watu wa Kasai. Vijana wasio na kazi wakapewa vitambaa vya kufunga kichwani na nyimbo za kuimba. Donat akafunga kitambaa.

Walikuja mchana kweupe, Jumamosi, ukumbi umejaa. Donat alikuwa mbele. Tata Mukendi alikuwa ameingiza kichwa ndani ya mashine, analehemu waya.

"Tata Mukendi atoke," Donat akasema. "Aende kwabo."

Sauti ikatoka ndani ya kabati. "Ngojeni nimalize. Nikiacha, waya itaanguka."

Nilisimama kwenye mlango na kopo langu la jeton. Sikuwa jasiri. Lakini hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Donat, alifanya nini?"

"Mama Jeton, weye uko wa kwetu. Toka mu njia."

"Nimekuuliza. Mu hii salle kuko sheria. Sema kintu yenye alifanya."

"Baba yake alitoka Kasai."

"Ile ni ya baba yake. Yee alifanya nini?"

"Banatukulia kazi," akapayuka mmoja nyuma yake.

Sikumtazama huyo wa nyuma. Nilimtazama Donat. "Weye uliomba kazi gani Mukendi akakunyima? Itaje."

Watu wakasubiri kama walivyosubiri siku zote mchezaji aliyekufa aseme. Nilimwona Donat akitafuta, juu, kona ya kushoto, kila mahali. Hakuwa na jibu na alijua hana. Kwa muda mfupi nikadhani nimeshinda.

Jiwe likatoka nyuma, likapita juu ya bega langu, likavunja kioo cha mashine. Hilo kweli halikupiga hodi.

Tata Mukendi akatoka kabatini. Aliangalia kioo, hakuwaangalia watu. Akafunga mlango wa mashine, akanipa ufunguo, akasema ile ya pembeni kitufe chake kinalegea nisisahau. Akavaa koti, akapita katikati yao, na Donat ndiye aliyesogea kumpisha.

Nilimkuta kwenye kituo cha treni pamoja na mke wake na watoto. Kituo kilikuwa kimejaa watu waliofukuzwa kama yeye, magodoro, masufuria, wengine wamebeba hata milango ya nyumba zao, wanangoja treni isiyosema itakuja lini. Nilikwenda kila siku na unga na samaki wakavu. Majirani zangu wakanionya kwamba wanaowapelekea chakula wanaandikwa majina. Niliwaambia waniandike kwa rangi nyekundu, nionekane vizuri.

Siku treni ilipokuja, Tata Mukendi alikuwa amekaa juu ya sanduku la cherehani ya mke wake. Aliniona, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

"Mama Jeton, mi ninaisha kufa. Uniulize basi."

Alisema amekwisha kufa, kama mchezaji, nami sikutaka kuuliza. Akanisubiri. Nikauliza. "Tata, sema kintu yenye ilikuua."

Alifikiri kwelikweli. Hakuwa anatania tena. "Sijue," akasema. "Niliangalia kushoto, niliangalia kuume. Mama, sijue."

Nikafungua fundo la kitenge changu, nikatoa jeton, nikampa kwa mikono miwili. Sheria ni sheria. Aliigeuza-geuza kidogo kiganjani, halafu akanirudishia.

"Kule kwenye banatupeleka hakuna mashine yake. Ubakie nayo. Nitakuya kuicheza hapa kwetu."

Alisema hapa kwetu. Nililia pale pale mbele ya watu na sikuona haya. Treni ikaondoka kuelekea Lubudi, njia ile ile iliyonileta mimi. Hakurudi. Baadaye dereva mmoja wa malori aliniletea habari kwamba alikuwa na meza ya kutengeneza redio Mwene-Ditu, kule Kasai, kisha akaugua, akafa.

Donat alipewa ukumbi auongoze. Akaja na wenzake, akaniambia nisukume swichi ziwe laini kwa ajili yao, roho nyingi, adui wa polepole, kwa sababu sasa serkle ni ya wenyewe. Nilimwambia ufunguo umepotea. Ulikuwa unaning'inia shingoni mwangu, ndani ya blauzi, na nadhani aliuona. Mashine zikabaki kama Tata Mukendi alivyoziacha. Zilipokufa moja moja nilitoa viungo kwa maiti nikampa mgonjwa, na ya mwisho iliendelea kucheza miaka mingi baada ya kiwanda kilichotuajiri kunyamaza.

Donat mwenyewe alicheza mara moja tu tangu siku ile. Akafa. Nikamwuliza kama ninavyomwuliza kila mtu, akajibu vizuri, kama zamani: alipanda mbio, hakuangalia juu.

"Na Tata Mukendi?" nikasema. "Yee, ni nini ilimuua?"

Akaacha mchezo, akatoka. Hakuingia tena ukumbini kwangu. Akaenda kwenye biashara, akanunua lori, malori yakazaana, na leo ndiye patron anayewanunulia kompyuta.

Najua mtaniuliza. Kambo, huyu Donat alikulia kwenye sheria yenu, sasa ilimfaa nini? Nimelifikiria swali hilo nikimenya viazi, nikifua, nikiwa kanisani. Jibu langu ni kwamba wale wengine siku ile walikuwa na majibu tele: kazi, kabila, chochote. Donat alijaribu la baba, halafu yeye peke yake akanyamaza. Mchezo hauwezi kumfanya mtu kuwa mwema, msidanganyane. Unaweza kumfanya ajue wakati hana jibu. Kinachofuata ni shauri lake, na yeye alichagua kusogea pembeni na kuacha mambo yaende.

Kwa hiyo msiniambie tena kwamba jiwe lenu linaanguka hivyo kwa sababu maisha ndivyo yalivyo. Mji huu umeshazoeshwa vya kutosha kufa bila kuambiwa sababu. Mkitengeneza mchezo unaomzoesha mtoto jambo hilo, akaona ni kawaida, akaweka roho nyingine na kuendelea, mnawafanyia kazi wale wa majukwaani. Fanyeni mchezo mgumu, mgumu kuliko wote, uniue mimi mara mia. Lakini kila nikifa niweze kusimama na kusema kilichoniua. Nikishindwa, nirudishieni jeton.

Mmeniambia kiti changu kitakuwa karibu na cha patron Donat. Vizuri sana. Nitavaa kitenge changu kizuri, na kwenye fundo lake itakuwepo jeton ya Tata Mukendi, ambayo sijaitumia hata siku umeme uliporudi na nilikuwa na hamu ya kucheza. Mtakaponiita kusoma, nitaiweka mezani mbele ya patron, na nitamwuliza mbele yenu wote lile swali la mlangoni: Mukendi alifanya nini? Sitaki fidia wala hotuba. Kuna binti wa Mukendi aliyerudi, anauza nguo sokoni hapa hapa mjini, na nimemwalika, atakaa mstari wa mbele. Maneno ya patron kumwambia binti huyo ni machache, na aliyasikia akiwa kijana, siku ya yule baba wa Kasaji, kicheko chake kilipokatika: kosa haikuwa ya weye.

Akiona aibu kuyasema, mwacheni afikirie, msimharakishe na msiwashe muziki. Mimi nitakuwa nimesimama.